Nilibwaga manyanga taratibu

Kabla sijaacha kazi kweli nilikuwa nimeshaacha kama mara arobaini hivi, na zote niliachia ndani ya kifodi, yaani daladala, cha Kwa Mrombo. Jioni, nimebanwa dirishani, mama wa pembeni kapakata ndoo ya parachichi, mi nina simu mkononi naandika ile meseji ya kuaga ambayo siku nikijaaliwa ningeirusha kwenye grupu la ofisi halafu nizime simu wiki nzima. Aisee ilikuwa meseji. Kila siku naipiga msasa, naongeza kisa cha leo, natoa neno kali naweka kali zaidi, ikafika mahali nikianza kuisoma mjini nashuka kituoni sijaimaliza. Nikishuka napita dukani kwa Mangi ananikumbusha deni la unga na sabuni, nafika ndani nakumbuka kodi ya miezi mitatu inakaribia, basi naifunga. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi niko mezani kwangu, kompyuta inawaka.

Kampuni ilikuwa ya utalii, hapa hapa Arusha, jina naliacha na naomba msinifuate inboksi kuliuliza. Risevesheni na operesheni zote nilikuwa mimi. Kwa asiyeijua hii kazi: mgeni anaandika kutoka Ujerumani anataka siku sita, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, basi mimi ndo napanga siku zake, nabuku lodji, natafuta gari na dereva, naomba kontroo namba za malipo ya hifadhi, naandika voucha, nahakikisha lanchi boksi zipo na kuna mtu wa kumpokea KIA hata kama ndege inatua saa nane usiku. Na hifadhini muda unahesabiwa kwa saa, siyo kwa siku kama unavyohesabu wewe na mimi, kwa hiyo gari likichelewa getini kuingia, ratiba nzima ya kesho na keshokutwa inachechemea. Kazi yenyewe naipenda, niseme ukweli. Mpaka leo nikiona msafara wa makruza, yale Land Cruiser ya watalii, yanapanda kuelekea Karatu roho inaruka.

Ukinisikia nasema kazi mbaya usifikirie nilikuwa natukanwa. Mzee (ndo tulivyomwita bosi) hakuwahi kunitukana. Alikuwa mpole, anasalimia, msiba ukikutokea gari la ofisi linakupeleka mpaka kijijini. Ubaya ulikuwa mwingine. Mshahara ulikuwa unatoka tarehe arobaini, yaani mwezi unaisha, unaanza mwingine, unafika kati ndo unasikia simu inalia. Laki sita na nusu kabla ya makato. Sheria yetu ya kazi inasema saa 45 kwa wiki, mi hizo nilikuwa nazimaliza Alhamisi, na Jumapili kanisani simu iko kwenye mtetemo ndani ya pochi inanitikisa mapaja katikati ya mahubiri. Halafu posho za madereva. Dereva anaondoka na wageni siku sita anapewa posho ya siku tatu, nyingine "utakuta ukirudi", akirudi hakuti, na anayeulizwa siyo Mzee wala Madam mkewe aliyeshika fedha, anaulizwa dada wa operesheni. Mara ngapi nimetoa kwenye M-Pesa yangu, elfu themanini, laki moja, namwambia dereva "hii imetoka ofisini, ingine inafuata". Haikuwa imetoka ofisini.

Hapo ndo kwenye kiini cha hii habari. Mi nilikuwa naongopa kwa niaba ya watu, kila siku, bila kulipwa ya uongo.

Uongo wangu mkubwa ulikuwa mmoja, na kila Mtanzania aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta anaujua: mtandao uko chini. Wageni wako Lodoare, geti la Ngorongoro, saa tatu asubuhi, jua linapanda, malipo hayasomi. Hayasomi kwa sababu hayajalipwa. Mzee kasema atalipa jana usiku, hajalipa, sasa hivi hapokei simu. Dereva ananipigia, "Dada vipi huku?" Namjibu, "Mtandao uko chini baba, wanashughulikia, wape wageni chai." Wageni wananywa chai. Ejenti wa Ulaya anaandika barua pepe, namjibu hivohivo kwa Kiingereza kizuri. Nimeusema huo uongo mpaka nilikuwa naanza kuuamini, kuna siku nilimlalamikia jirani yangu kwamba mitandao ya nchi hii ni mibovu sana.

Sasa siku moja nikatumwa gereji, Unga Limited, kufuatilia kruza lililotoka Serengeti linagonga. Fundi kalala chini, anatoka na kidude kimelowa oili, ananionyesha. Shokapu. Akanieleza kwamba ile barabara ya kuanzia ukishavuka Ngorongoro mpaka Naabi, geti la Serengeti, ile ya mawimbimawimbi kama bati, ndo kaburi la shokapu, inapigwa mfululizo mpaka inavuja. Nikamuuliza ilikuwa mbovu tangu lini. Akasema, "Hii imekufa zamani. Ila jamaa wa mbele bado walikuwa wazima wanaibebea, ndo maana hamkujua." Mi nimesimama pale na viatu vyangu vya ofisini kwenye matope ya oili nikaanza kujisikia vibaya bila kujua kwa nini. Nimejua usiku. Ile ofisi ilikuwa inatembea laini kwa sababu mimi ndo nilikuwa nagongwa. Mzee alikuwa haijui barabara, wageni walikuwa hawaijui, na mi niliyekuwa najiona mchapakazi ndo nilikuwa namsaidia Mzee asijue.

Hata hivyo sikuacha. Binadamu mgumu. Nilikaa mwaka mzima tena na huo ufahamu wangu.

Kilichonitoa kilikuwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na wala haikuanza kwangu. Dada wetu wa usafi alikuwa mjamzito, akaenda kuulizia fao la uzazi, akarudi ofisini macho mekundu. Kaambiwa michango yake haipo, imekatika siku nyingi. Sisi wote kwenye slipu za mshahara tulikuwa tunakatwa asilimia kumi kila mwezi, imeandikwa kabisa. Nikaomba ruhusa kesho yake nikaenda kuchukua taarifa yangu. Miezi 14 hakuna kitu. Kwangu ni 65,000 kila mwezi, piga mara 14 unapata 910,000, na mwajiri naye alitakiwa aweke yake asilimia kumi, kwa hiyo ni milioni moja laki nane na ishirini ambayo kwenye karatasi ipo na kwenye mfuko haipo. Nilikaa kwenye benchi nje pale naangalia zile mistari mitupu. Mshahara kuchelewa nilikuwa nauita ugumu wa biashara. Hii sikuwa na jina la upole la kuiita.

Kwa hiyo kuondoka kulishaamuliwa palepale kwenye benchi. Kazi ikawa naondokaje.

Nilikuwa na ile meseji yangu ya kwenye kifodi, ipo, imeiva. Na kulikuwa na njia ya yule kaka aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu, ambaye ofisini alishakuwa kama hadithi. Yeye alitoka kwenda kula mchana hakurudi. Laptopu wazi, koti kwenye kiti. Watu walikuwa wanaisimulia kama ushujaa na mi nilikuwa nacheka nao mpaka siku mzee mmoja wetu wa kuendesha, mtu mzima, ameanza kupeleka wageni Serengeti mi niko darasa la pili, alinisimulia upande wake. Usiku wa siku ile kulikuwa na familia inatua KIA, watu sita na watoto, na mwenye ratiba alikuwa huyo kaka peke yake. Wamekaa nje ya eapoti mpaka saa sita usiku. Aliyeamshwa kwenda kuwachukua ni huyu mzee, na wamemfokea njia nzima, Kikatiti hiyo, Usa River hiyo, wanamfokea yeye. Mzee wa watu hata hakujua kaka kaacha kazi. "Yeye alimkomoa bosi," akaniambia, "ila bosi alikuwa amelala."

Basi meseji ikafa hapo. Siyo kwamba mi ni mwema sana. Arusha ya utalii ni ndogo kama kijiji, utaomba kazi kokote utaulizwa ulikuwa kwa nani, na huyo anayekuuliza atanyanyua simu ukiwa bado umekaa mbele yake. Hilo nalo lilikuwa kichwani, sitajifanya halikuwepo.

Wikiendi nikapanda gari kwenda Machame kumwambia mama. Nilimkuta kihambani anapunguza majani ya migomba, nikamsalimia nikashika panga nami, nikasubiri tumekaa na kahawa ndo nikatoa. Alinisikiliza vizuri. Halafu akatoa ile niliyojua ataitoa: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia mama, kwanza hakuna msala wowote unaopita, sina kazi nyingine, na mbachao wenyewe umetoboka nakalia sakafu. Akanyamaza. Akauliza, "Na hiyo pesa ya uzeeni wamekula?" Nikamwambia hawajapeleka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yangu marehemu alidai malipo yake mpaka anaingia kaburini, kisha akainuka kwenda kuangalia mbuzi. Ruhusa nilishapata, kwetu ndo inatolewaga hivo.

Rafiki yangu mmoja ni mwanasheria, hawa wa ofisi ndogo za ghorofani mjini, nikamnunulia chipsi kuku akanipa saa nzima. Naandika alichoniambia kwa sababu mi sikujua hata nusu na nilishafanya kazi karibu miaka minne. Kwanza, sheria ya ajira ya mwaka 2004 kwa mtu wa mshahara wa mwezi inataka notisi ya siku 28, kwa maandishi. Nilikuwa na likizo yangu nyingi sijaichukua, nikajiona mjanja, nikamwambia basi natoa notisi halafu naenda likizo zile siku zinajiishia huko Machame. Akacheka. Notisi haitolewi ukiwa likizo na wala haitembei pamoja na likizo, kila kimoja na siku zake, ila likizo ambayo hujaichukua unaidai kama hela. Ukigoma kuzifanya kazi zile siku 28, mwajiri anaruhusiwa kukukata kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo kwenye hesabu yako ya mwisho. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka akasema nikisahau kabisa, hicho ni cha aliyeachishwa. Na lile fao la kukosa ajira la NSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, ambalo mi nilikuwa nimeshalipigia hesabu ya kodi, nalo hivohivo, ukitoka kwa miguu yako mwenyewe halikuhusu. Hapo chipsi zikaingia uchungu.

Halafu akaniuliza kitu kimoja: "Kwenye barua utaandika sababu gani?" Nikamwambia sababu binafsi, si ndo watu wote wanaandika. Akaweka uma chini. Akasema hiyo "sababu binafsi" ni shuka la kumfunika mwajiri, kesho ukitaka kwenda CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kusema ulilazimika kuondoka kwa sababu kazi haikaliki, barua yako mwenyewe inasimama upande wa pili inakukana. Na kule muda ni mfupi, mgogoro wa kuachishwa una siku 30, mingine siku 60, huwezi kukaa mwaka unanuna halafu ndo uende. Sikuwa na mpango wa kwenda CMA kiukweli. Ila lile neno shuka lilinikaa. Mtu ambaye miaka yote amekuwa akifunika, hata siku ya kuondoka anaacha shuka.

Ikabaki tarehe. Kila mtu wa utalii atakwambia ukitaka kuacha, acha mwezi wa tano, kwa sababu kampuni zinaanza kutafuta watu kabla ya hai sizoni, msimu wa wageni wengi, ya mwezi wa sita, hutakaa benchi muda mrefu. Ukiacha mwezi wa tatu unatumbukia kwenye masika, aprili na mei, lo sizoni, lodji nyingine zinafunga kabisa, na wenye kazi ndo wanapewa likizo bila malipo, sembuse wewe. Lakini mi nilikuwa nimeshaangalia kalenda: wageni wa februari wakishaondoka, machi ilikuwa na magrupu manne tu, na aprili karibu tupu. Nikiondoka hapo hakuna familia itakayokaa nje ya KIA. Kwenye kikoba nilikuwa nimegawana mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa na milioni moja na kidogo. Nikala hasara ya msimu. Wenzangu waliniona chizi, na kwa hesabu ya hela walikuwa sahihi.

Barua niliandika nusu ukurasa. Nilihangaika na neno kuliko nilivyotegemea, maana Kiswahili kina maneno mengi ya kuondoka na kila moja lina tabia yake. Kujiuzulu lilinitoshea kama koti la waziri. Kung'atuka ni la Mwalimu, alituletea kutoka Kizanaki mwaka 1985 alipokuwa anaachia urais, na unang'atuka ukiwa umekalia kitu kizuri, siyo kiti kilichovunjika mguu. Kubwaga manyanga ndo roho yangu ilikuwa inalitaka, mcheza ngoma kachoka anatupa vile vibuyu vya kutikisa chini ngoma ikiwa inaendelea, paa! Lakini ile ya siku 28 unabwagaje? Nikaandika "naacha kazi". Nikaweka tarehe ya leo na tarehe ya mwisho. Sababu nikaweka sentensi mbili: mishahara inachelewa, na michango yangu ya NSSF ya miezi 14 iliyokatwa haijawasilishwa, naomba iwasilishwe. Hakuna kivumishi hata kimoja. Ile meseji ya kifodi ilikuwa na vivumishi kama mia.

Jumatatu, tarehe 3 machi, mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza wikiendi ileile, nikaingia ofisini kwa Mzee nikampa kwa mikono miwili. Akasoma. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. "Binti yangu, nimekukosea nini?" Hilo swali lilinimaliza nguvu kuliko ningefokewa, kwa sababu jibu lilikuwa mkononi mwake limeandikwa na bado anauliza. Nikamwambia, "Hapo nimeandika, Mzee." Akaniambia nivumilie mpaka mwezi wa tisa atanipandisha mshahara. Nikamwambia nashukuru. Akasema atafikiria, kama vile ni yeye anayeomba kuacha. Nikatoka, nikamwandikia barua pepe yenye ileile barua ili iwe na ushahidi wa siku, hilo pia ni la mwanasheria. Siku ya tatu ofisini ikasambaa kwamba nimenunuliwa na kampuni ya Njiro. Siku ya tano Madam akaacha kuitikia salamu.

Sasa zile siku 28. Uamuzi wangu ulikuwa mmoja na sikumwambia mtu: nitafanya kazi yote, siongopi tena. Kwa kusema ni jambo dogo. Wiki ya kwanza ilinitoa jasho, maana nilikuwa sijui ni mara ngapi kwa siku naongopa. Dereva anakuja kuulizia posho, mdomo umeshafunguka kusema "kesho", naufunga, nasema, "Ofisi haijatoa baba. Sijui itatoa lini. Nenda kwa Madam." Anaenda kwa Madam. Madam anatoka ananiangalia. Hela ya mfukoni kwangu haikutoka hata mia. Nilikuwa naona aibu kama mchawi, narudi nyumbani nawaza dereva wa watu ana watoto shule na mi nimemjibu vile. Usiku mmoja nilishika simu kabisa nimtumie, nikairudisha chini, nikaishika tena, mwisho hela ile nikampa dada wa usafi amnunulie mtoto vitu, angalau ile ilikuwa yangu na nimesema ni yangu.

Wiki ya tatu, getini tena. Lodoare, saa tatu na nusu, magari mawili, malipo hayasomi. Anayepiga ni yule mzee wa KIA, na yuko kwenye swaumu. Nimeshazunguka kwa Mzee hayupo, Madam kasema subiri, hela iko njiani. Nikavuta pumzi nikamwambia, "Baba, mtandao uko sawa. Hela haijalipwa. Waambie wageni ofisi imechelewa kulipa, kosa ni la ofisi, na ejenti wao ninamwandikia hivohivo sasa hivi."

Kimya. Nikasikia upepo na wale ndege wa pale getini. Nikajua nimemkwaza.

Yule mzee dereva akaanza kucheka. Anacheka huku amefunga, anavuta pumzi, anacheka. "Dada yangu," akasema, "mtandao gani unakuwa chini miaka mitatu? Sisi tulikuwa tunajua siku zote. Tulikuwa tunakuonea huruma wewe."

Nilikaa na hiyo simu. Wote walikuwa wanajua! Madereva walikuwa wanajua hata ile elfu themanini inatoka wapi, mmoja aliniambia baadaye kwamba jina linalotokea kwenye meseji ya M-Pesa ni langu, nilifikiri wao hawasomi au? Hilo sikuwahi kuliwaza, wallahi, miaka yote. Kwa hiyo niliyekuwa namdanganya kwa mafanikio ni wageni na nafsi yangu. Siku ile malipo yaliingia ndani ya dakika 40, na sababu ni kwamba ejenti alipopata barua pepe yangu alimpigia Mzee moja kwa moja. Mara ya kwanza Mzee kaisikia ile barabara.

Ya NSSF niyamalize. Aliwasilisha ya miezi sita kabla sijaondoka, mingine iliingia vipande vipande mpaka mwezi wa nane, nilikuwa naangalia kila mwezi kama mtu anayechungulia mtego. Ya dada wa usafi iliwekwa pia, lakini mtoto alishazaliwa. Likizo yangu nililipwa kasoro. Cheti cha utumishi nilikiandika mwenyewe kwenye kompyuta ileile, Mzee akakisaini bila kusoma. Sasa hivi nafanya bukingi za kampuni mbili ndogo nikiwa nyumbani, hela haijafika kule ilipokuwa, na aprili ile nilikula ndizi za mama mpaka basi.

Kulibaki laini ya simu. Namba ya ofisi, ile iliyoandikwa kwenye tovuti, kwenye magari, kwenye kila voucha, ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu. Enzi zile za kusajili upya laini kwa kitambulisho cha NIDA, mtu aliyekuwa kwenye kiti alisajili, alipotoroka ikafa, na mi nilipoingia nikaambiwa nisajili mpya kwa jina langu, nikaona heshima. Maana yake nikiondoka naondoka na mdomo wa kampuni. Kuna watu walinishauri niiweke mfukoni mpaka nilipwe kila senti, na nisidanganye, nililala nayo hiyo wazo siku mbili, tamu. Ila namba ile ndo mgeni anapiga akipotea. Nikamwambia Mzee twende tukahamishe umiliki, na haiwezekani kumtuma mtu, lazima uje wewe na kidole chako.

Akaja. Siku yangu ya mwisho kabisa, tarehe 31, iliangukia Idd na ofisi imefungwa, kwa hiyo hii ilikuwa Ijumaa kabla yake. Tukakaa kwenye benchi la plastiki dukani kule mjini karibu na Mnara wa Saa, mimi na Mzee, namba yetu ya foleni 61 na wanahudumia 38. Sikuwahi kukaa naye hivo miaka yote ile. Aliniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Aliniuliza unaenda wapi, nikasema nyumbani, akatikisa kichwa kama haamini. Kuna wakati alianza, "Unajua hii biashara..." akaacha, akaangalia televisheni ya ukutani. Nami sikumsaidia kumalizia, japo nilijua sentensi yote mpaka mwisho.

Tukaitwa. Binti wa kaunta akachukua vitambulisho, nikaweka kidole, kikasoma. Mzee akaweka kidole. Akaweka tena. Akafuta kwenye suruali akaweka tena.

"Samahani baba," binti akasema, "mtandao uko chini kidogo."

Mzee akanigeukia, kwa mazoea tu, kama ananiuliza. Nikamwambia tusubiri.